Nakarabati nyumba ya marehemu baba Ngamiani. Kila nikiamua rangi au sakafu, kesho yake nabadilisha. Nyie mnaamuaje?

#1 Mjukuu_wa_Ngamiani
Wakuu, salaam.

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga. Ni ile ramani ya Kiswahili mnayoijua: baraza mbele, ukumbi umenyooka katikati mpaka uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Baba aliijenga mwaka 1974 kwa tofali za sementi, sakafu ya sementi nyekundu, mlango wa mbele wa mvule. Alifariki mwaka juzi. Mama anaishi mle na mdogo wangu wa kike, mimi niko Dar na mke wangu. Nataka kazi iishe kabla ya masika.

Bati tumeshabadilisha, umeme umevutwa upya. Nimekwama ndani. Wiki mbili zilizopita nilipaka ukuta mmoja wa ukumbi rangi ya kijivu niliyoiona kwenye simu. Kwenye picha ilikuwa tulivu, unatamani kukaa. Ukumbini kwetu ikatoka kama ukuta wa gereji. Mama alipita, akasimama, akauliza kwa upole, "Hii ndiyo praima, mwanangu?" Yaani ile rangi ya kutanguliza chini.

Fundi anasema ng'oa sakafu yote, weka marumaru nyeupe za kung'aa za sentimita 60 kwa 60. Mdogo wangu anataka ukuta wa TV wa PVC (vibao vya plastiki) ya mistari. Mke wangu ananitumia picha kila usiku. Mama ananyamaza. Siulizi rangi gani nzuri. Nauliza mtu anafikaje mahali akaamua na moyo ukatulia?

#2 Sahare_Pwani
Natandika mkeka hapa. Na mimi nakarabati, nasubiri majibu.

#3 FundiRangi_Makorora
Mleta mada, pole. Nimepaka rangi miaka 19 na kosa lako nalijua. Umeamua kwenye simu ukaenda kupaka ukutani moja kwa moja. Hapo katikati pana hatua umeruka.

Chukua vipande vya hadibodi, ukubwa wa nusu meza. Paka kila kimoja rangi unayoifikiria, mikono miwili, acha ikauke siku nzima. Usiihukumu ikiwa mbichi, rangi ya maji ikikauka inaiva, inazidi kukolea kidogo. Kisha egemeza kipande ukutani uitazame saa 2 asubuhi, saa 7 mchana, halafu usiku taa ikiwaka. Kihamishe ukuta kwa ukuta. Ukiona ile ile unaipenda saa zote tatu, nunua ndoo. Gharama yake ni kopo dogo dogo, wala hupaki ukuta mara mbili.

#4 BintiPangani
Namuunga mkono fundi, ila mimi naona tatizo limeanza kabla ya hapo. Zile picha nyingi ni za nyumba za Ulaya. Kule jua ni la kubahatisha, wana madirisha makubwa ya vioo, kwa hiyo wanapenda kijivu na nyeupe. Ukumbi wa nyumba ya Kiswahili unapata mwanga sehemu mbili tu: mlango wa mbele na mlango wa uani. Katikati pale ni giza mchana kweupe. Kijivu mahali pa giza kinakufa. Hakuna fundi wa kukifufua.

#5 Kaptula_Nyeusi
Kuna kanuni moja ya wataalamu: chumba kinachotazama kusini kinapata jua mchana kutwa kwa hiyo paka rangi za ubaridi, kinachotazama kaskazini hakipigwi jua, paka rangi za joto. Angalia nyumba yako inaelekea wapi, umemaliza kazi.

#6 Mwalimu_wa_Usagara
Kijana wa #5, kanuni hiyo ni ya watu wanaoishi mbali kaskazini mwa Ikweta. Ukiileta Tanga inakupoteza.

Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi wa 3 na mapema mwezi wa 10. Kuanzia hapo mwezi wa 3 mpaka mwezi wa 10 linakuwa limeegea kaskazini, na mwezi wa 6 ndio linaegea zaidi. Ukuta wako wa kaskazini ndio unaopigwa. Miezi iliyobaki linahamia kusini. Kwa hiyo hapa hakuna upande usioonja jua mwaka mzima. Unaoumia zaidi ni wa magharibi, kwa sababu unachomwa alasiri wakati hewa na bati vimeshapata moto.

Na upepo usisahaulike. Kusi inavuma kama kuanzia mwezi wa 4, kaskazi inakuja mwishoni mwa mwaka mpaka kama mwezi wa 3. Kabla hujauliza rangi ya chumba, simama ndani yake uone upepo unaingilia wapi na unatokea wapi.

#7 Kaptula_Nyeusi
Shikamoo Mwalimu. Nimeelewa, nilikariri bila kupima. Nyumba yangu ya Nguvumali nilipaka chumba cha kaskazini machungwa nikidhani ni cha baridi. Mwezi wa 6 ndani kama tanuri.

#8 Mwalimu_wa_Usagara
Marahaba. Ila joto lenyewe halitoki kwenye machungwa ya ndani, linatoka bati na ukuta wa nje. Rangi ya ndani inabadili unavyojihisi. Ukitaka kupunguza joto paka nje rangi nyeupe, panda mti, weka dari.

#9 Hesabu_Kwanza
Mnazunguka wakuu. Mtu anayebadilisha mawazo kila siku hana bajeti iliyoandikwa. Pesa isipokuwa na mpaka, kila kitu kinawezekana, na kila kitu kikiwezekana kichwa hakitulii. Mimi niliandika kwenye daftari: sakafu kiasi hiki, dari kiasi hiki, rangi kiasi hiki, cha dharura kiasi hiki. Nilipoingia dukani nikakuta marumaru niliyoweza kununua ni za aina tatu tu. Nikachagua dakika kumi.

Na uchukue vipimo mwenyewe. Fundi wako amekwambia boksi ngapi?

#10 Mjukuu_wa_Ngamiani
Asanteni sana kwa michango. @Hesabu_Kwanza, ukumbi peke yake una mita za mraba 20, amesema boksi 14.

#11 Hesabu_Kwanza
Kipande cha 60 kwa 60 ni mita za mraba 0.36. Boksi nyingi zina vipande vinne, yaani 1.44. Gawa 20 kwa 1.44 unapata 13.9. Kwa hesabu hiyo boksi 14 hata kipande kimoja kikivunjika umekwama, na pembeni lazima vikatwe. Ongeza asilimia 10, inakuwa mita za mraba 22, boksi 16. Zichukue siku moja na usome namba ya toleo kwenye kila boksi, zifanane. Ukirudi baada ya mwezi kuongeza boksi mbili utakuta nyeupe nyingine kabisa.

#12 MamaWatatu_Chuda
Mimi nasema usifike huko kwenye boksi. Mama yako ana umri gani?

Nauliza kwa sababu ya mama yangu mzazi. Tulimwekea marumaru za kung'aa mpaka chooni, tukaona tumemheshimu. Siku ya tatu ametoka kutawadha, miguu ina maji, akateleza, akavunjika nyonga. Alikuwa mtu wa kutembea mwenyewe mpaka sokoni. Leo nikiona sakafu inayong'aa kwenye nyumba yenye mzee, moyo unanienda mbio. Chooni na uani weka marumaru za kukwaruza. Shika kipande mkononi, kimwagie maji, kisugue na kisigino chako pale pale dukani. Muuzaji akikushangaa, mwache akushangae.

Na hiyo sementi nyekundu ya baba yako ina ubaya gani?

#13 Mjukuu_wa_Ngamiani
Mama ana miaka 71. Pole sana dada kwa yaliyomkuta mama.

Sakafu imekatika mstari mmoja mrefu ukumbini, na karibu na mlango wa uani imechimbika. Kwingine bado iko vizuri. Pale baba alipokuwa anaweka kiti chake pana alama mbili za miguu ya mbele, zimelika kabisa. Mama akideki huwa anapazunguka.

#14 FundiRangi_Makorora
Mkuu, umejijibu mwenyewe na hujajua.

#15 Zege_la_Duga
Sakafu ya sementi nyekundu inatengenezeka. Ule ufa unapanuliwa kwa patasi, unasafishwa vumbi lote, unajazwa sementi yenye unga wa rangi nyekundu. Kiraka kitaonekana, nisikudanganye, hakuna fundi wa kuoanisha rangi ya 1974 na ya leo. Kisha unaisugua na nta nyekundu. Lakini gonga kwanza kwa sarafu sakafu nzima. Ikilia wazi kama ngoma maana yake imeachana na zege la chini, hiyo hata ukiweka marumaru juu zitapasuka.

#16 BintiPangani
Jamani hiyo sakafu ndiyo iliyoua kijivu! Sakafu nyekundu inarusha wekundu wake ukutani. Nyeupe inakuwa ya pinki, kijivu kinakuwa matope.

#17 Sahare_Pwani
Dada, mimi nadhani ni kinyume. Macho yakijaa wekundu, kijivu cha pembeni kinaonekana kama kina ukijani. Ndiyo maana kikafanana na gereji.

#18 BintiPangani
Yote mawili yanatokea, inategemea mwanga unapiga wapi. Mleta mada, tandika shuka jeupe sakafuni mbele ya huo ukuta mchana, halafu litoe. Utuambie umeona nini.

#19 Umeme_Bombo
Kabla ya shuka aangalie taa. Mafundi wengi wanakufungia taa ile nyeupe ya kibluu, imeandikwa 6500K kwenye boksi lake. Kijivu chini ya 6500K ni hospitali. Weka ya 3000K, ile ya unjanounjano, uone ukuta ule ule unavyobadilika. Kwa ukumbi unaotumika na mzee anayesoma msahafu jioni, 4000K inafaa pia. Taa mbili ni bei ya soda chache, ndoo ya rangi si mchezo.

#20 Skimu_na_Msasa
Hamjauliza ukuta wenyewe ulikuwaje. Tofali za 1974, lipu ya mkono, rangi juu ya rangi miaka yote hiyo. Ukipaka kijivu bila kuskimu, yaani kuulainisha ukuta kwanza, kila bonde linaonekana, hasa mwanga ukitoka mlangoni na kuparaza ukuta kwa ubavu. Rangi haina kosa hapo.

#21 MtotoWaMuheza
Mpaka sasa kijivu kimeuawa na giza, sakafu, taa na lipu. Bado mchwa tu 😂 Kwa heshima yenu wakuu, endeleeni, najifunza.

#22 Mjukuu_wa_Ngamiani
Nimeenda Tanga Ijumaa, nimerudi jana usiku. Nimefanya mlichosema.

Shuka: nililitandika saa 5 asubuhi. Ukuta ulinawiri, kijivu kikawa kijivu. Nikalitoa, kikarudi kuwa kizito. Sikuona pinki wala kijani, ila nimeona sakafu inameza mwanga. Taa: ya 3000K ilibadilisha kabisa usiku, mdogo wangu alidhani nimepaka tena. Mchana haisaidii kitu.

Lakini nimeona jambo jingine. Ukuta wa chumba cha mama, chini kabisa, kama usawa wa goti, rangi imevimba na ukiigusa inatoka unga mweupe. Nimeuonja kwa ulimi, ni chumvi. Kitanda chake kimeegemea hapo hapo.

#23 Zege_la_Duga
Simamisha rangi. Hata usifungue kopo.

Huo ni unyevu unapanda kutoka msingini na kubeba chumvi. Maji yakikauka juu chumvi inabaki, inasukuma rangi. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni ya msingi.

#24 Deepsea_Nahodha
Au walijengea mchanga wa bahari. Babu zetu walikuwa wanachota pwani bila kuuosha. Chumvi imo ndani ya tofali tangu siku ya kwanza, kila masika inatoka upya.

#25 Skimu_na_Msasa
Mimi nimekuta mara tatu ni bomba la maji ndani ya ukuta, wenyewe wanahangaika na msingi. Choo kiko upande gani?

#26 Mjukuu_wa_Ngamiani
Choo kiko uani, mbali. Ila nje ya ukuta huo bati halina gata, maji ya mvua yanadondoka chini hapo na kurukia ukuta.

#27 Zege_la_Duga
Basi anza na gata na kamfereji ka kuondoa maji, ndiyo rahisi kuliko yote. Halafu bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote nne kwa utepe wa gundi, acha siku mbili. Jasho likiwa ndani upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Likiwa nje upande wa chumba, ni hewa yenye unyevu tu, fungua madirisha. Na usije ukaziba kwa rangi ya mafuta! Ukuta ukiziba chini, maji yanapanda juu kutafuta pa kutokea.

#28 Mkongwe_Bagamoyo
La rangi ya mafuta ni la kweli tupu. Huku kwetu Mji Mkongwe wa Bagamoyo nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zimeharibiwa na lipu ya sementi kuliko mvua. Chokaa inapumua, sementi inafunga. Mwenyewe nilibandua lipu ya sementi ya marehemu mjomba, nyuma yake jiwe limelowa kama sifongo. Nikarudisha chokaa, nikapaka chokaa. Kila mwaka napiga upya mkono mmoja, sijutii.

#29 Zege_la_Duga
Mkuu, yake ni tofali za sementi, si matumbawe. Asije akabandua lipu ya nyumba nzima kwa kusoma hapa.

#30 Mkongwe_Bagamoyo
Sawa, nimekubali kusahihishwa. Ila chokaa juu ya lipu yake ya sementi haikatazwi kama rangi ya zamani itatoka yote. Na mweupe wake haupatikani dukani.

#31 Kabati_la_Mabawa
Maadamu tupo kwenye maji, nitoe ushuhuda wa jiko. Niliona picha ya kabati nyeupe za MDF (mbao za unga uliogandishwa) mpaka sakafuni nikaagiza hizo hizo. Sisi huku hatufuti sakafu kwa kitambaa, tunamwaga ndoo na kusukuma kwa fagio mpaka uani. Miezi mitano tu, miguu ya kabati ikavimba kama mkate kwenye chai. Kwa sasa nimejenga kitako cha zege sentimita 10, kabati zimekaa juu yake, mbao ni marini bodi, ile inayohimili maji. Niliwahi kumlaumu fundi, lakini picha niliyompa mimi ndiyo ilikuwa ya watu wasiomwaga maji.

#32 MamaWatatu_Chuda
Hilo ndilo nililotaka kusema! Usianze na picha, anza na siku ya mama yako. Anaamka saa ngapi, anaswalia wapi, wageni wa khitma wanakaa wapi, nazi anakunia wapi. Nyumba itakwambia.

#33 Hesabu_Kwanza
Dada, nyumba haiongei. Daftari linaongea.

#34 MamaWatatu_Chuda
Kaka yangu, daftari lako lilikuambia marumaru zipi zina bei nafuu. Halikukuambia nani atateleza.

#35 Hesabu_Kwanza
Hapo umenipata. Nimepokea.

#36 Wakili_wa_Pembeni
Naingilia kidogo. Mleta mada, umeandika "Nakarabati nyumba ya marehemu baba". Mirathi imeshafunguliwa?

#37 Kaptula_Nyeusi
Mirathi ya nini, si nyumba ni ya mama?

#38 Wakili_wa_Pembeni
Si lazima. Kwa mirathi ya Kiislamu mke akiwa na watoto anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Kinachobaki ni cha watoto na warithi wengine kama wapo. Mdogo wake anayetaka ukuta wa PVC ana haki ndani ya ukuta huo. Huenda ndiyo sababu moyo wa mleta mada hautulii: anaamua peke yake kitu cha watu wengi. Nimeona ndugu wameacha kusalimiana kwa sababu ya mlango uliong'olewa bila kuulizwa.

#39 Mjukuu_wa_Ngamiani
Umenigusa. Tuko wanne. Mirathi tulisema tutafanya baada ya arobaini, mpaka leo. Wawili wako Arusha na Mombasa, walisema "fanya tu kaka". Sijui walimaanisha fanya nini.

#40 Wakili_wa_Pembeni
Wapigie. Usiandike ujumbe, wapigie.

#41 BintiPangani
Hilo ni muhimu. Tukirudi ndani: mama akikubali sakafu ibaki, ukumbini tandika zulia la katani. Ni zao letu la asili la Tanga, linapendeza sana juu ya nyekundu.

#42 Mwalimu_wa_Usagara
Binti yangu, ni letu kwa jasho, kwa asili si letu. Asili yake ni Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 ndiyo mashamba yote ya mkonge ya Tanga yaliyotulea na kutusomesha, na mengine yaliyotuumiza. Baba yangu alikata mkonge. Mimi nyumbani ninalo zulia lake, naliheshimu, ila halipendi maji. Kwenye ukumbi wa kumwaga ndoo litaota ukungu. Mkeka wa ukili unakunjwa asubuhi, unaanikwa.

#43 BintiPangani
Ahsante Mwalimu. Miche 62, sikujua.

#44 MtotoWaMuheza
Kwetu Longuza tuna misaji, mbao zake mchwa hazigusi kirahisi. Akitaka rafu za ukumbini aje, asinunue paini isiyotiwa dawa. (Mnaona mchwa wamefika.)

#45 Mke_wa_Baharia
Nimesoma wote kimya kimya, naomba niseme kama mke. Usimlaumu mkeo kwa picha za usiku. Mwanamke anayetuma picha anatafuta mahali pake ndani ya nyumba ya wakwe. Mimi nilituma picha miaka miwili. Siku mume wangu aliponiuliza "chumba kipi unataka kiwe chako cha kuamua?" niliacha. Nilichagua jiko. Mama mkwe alichagua ukumbi na baraza. Mpaka leo ukumbi ni wa kijani cha mwani, siupendi, na sijawahi kusema neno.

#46 FundiRangi_Makorora
Kijani cha mwani kwenye ukumbi wa Kiswahili ni kizuri sana, dada. Nimekipaka nyumba nyingi, nusu ya chini rangi ya mafuta ili watoto wasichafue, nusu ya juu nyeupe.

#47 Zege_la_Duga
Nusu ya chini mafuta?! Tumetoka kusema nini #27?

#48 FundiRangi_Makorora
Kwenye ukuta mkavu, ndugu yangu. Mkavu! Ukuta wenye chumvi siugusi.

#49 Sahare_Pwani
Mleta mada umekuwa kimya, umefikia wapi?

#50 Mjukuu_wa_Ngamiani
Samahani kwa ukimya, kazi zilibana.

Niliwapigia ndugu zangu. Wa Mombasa amelia kwenye simu. Alidhani nimeshang'oa sakafu. Hakusema siku zote hizo kwa sababu alijua mimi ndiye ninayetoa pesa. Tumekubaliana mirathi tuifungue mwezi ujao, wote wanne tukutane Tanga.

Nailoni: jasho lilikuwa ndani, upande wa ukuta. Gata imefungwa, mfereji umechimbwa. Kitanda cha mama nimekihamishia chumba cha mbele, na anasema usiku kusi inamfikia vizuri kuliko kule. Chumba chenye chumvi kimekwanguliwa rangi, tunakiacha wazi kikauke kwanza. Zege anasema miezi, Nahodha anasema hakitakauka kamwe. Tutaona baada ya masika.

Ukumbini nilitengeneza vipande vinne vya hadibodi: maziwa, kijani cha mwani, samawati ya kufifia na kile kijivu. Nikaviegemeza, nikaenda zangu Makorora kutafuta nta. Niliporudi mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba, kwenye zile alama mbili, ameweka cha maziwa mbele yake na kile cha kijani ameegemeza chini yake. Hakusema chochote, alikuwa anachambua mchele. Mdogo wangu anasema maziwa ni rangi ya zahanati. Mke wangu amechagua jiko, kaka wa Arusha hajajibu. Ndoo sijanunua.

Fundi wa marumaru anauliza kila siku kama nimeamua ukumbi. Nimempa choo na uani, za kukwaruza. Nilizisugua kwa kisigino dukani kama dada wa Chuda alivyosema.

#51 MamaWatatu_Chuda
Alhamdulillah. Msalimie mama.

#52 Umeme_Bombo
Na taa?

#53 Mjukuu_wa_Ngamiani
Ukumbini 3000K, mahali pa kusomea msahafu 4000K. Mama ameikubali.

Naombeni moja la mwisho kwa leo. Mlango wa mbele, ule wa mvule wa baba, umelika chini kama vidole vitatu kwa sababu ya maji ya kudeki. Fundi seremala mmoja anasema aukate wote chini awekee bati, mwingine anasema nibadilishe niweke wa chuma. Nifanyeje?

#54 MtotoWaMuheza
Usiukate na usiubadilishe. Sehemu iliyolika inatolewa, inaungwa kipande cha mvule kwa ndimi, siyo misumari, misumari ya kawaida hapa pwani chumvi inaila. Nipigie picha chini kabisa, upande wa bawaba na upande wa komeo, mlango ukiwa wazi. Weka na rula pembeni nione unene.